Saa Inayoanzia Mlangoni

Mtunza jengo alikuwa rumande tangu jana, na Inspekta Msumari hakuwa ameongea na mtu tangu alipoingia kituoni. Jina hilo la Msumari alipewa na wenzake, kwa sababu mwanamke huyo akishaingia mahali hang'oki. Asubuhi hiyo alisimama mbele ya meza ya Mkuu wake, na kiti alichoonyeshwa hakukikalia.

"Kampuni ya lifti imetuletea maelezo yote," Mkuu alisema. "Mtunza jengo aliingia chumba cha mitambo, akachezea asivyovijua, lifti ikakwama. Mafundi wao wakafika na kuifungua ndani ya dakika nane. Nane! Zimamoto wetu wenyewe hawana mwendo huo. Wakakuta mama wa watu amekwisha kufa. Sasa wewe unatafuta nini tena?"

"Natafuta mtu aliyekwama dakika nane akapata muda wa kuchubuka viganja vyote viwili kwa kugonga mlango."

Mkuu akaacha kuchezea kalamu yake.

"Daktari ameandika hivyo, afande. Viganja vimevimba, ngozi imetoka. Marehemu alikuwa mkunga kabla hajastaafu, na alikuwa mgonjwa wa pumu. Alishuka mara moja kuchukua nguo kwa dobi, dawa akaiacha nyumbani ghorofa ya tisa. Mtu wa namna hiyo hapotezi pumzi kugonga mlango kama anajua watu wanakuja sasa hivi."

"Mtunza jengo anafikishwa mahakamani kesho asubuhi."

"Basi nina leo."

Nje, kwenye benchi la ukutani, binti wa marehemu alikuwa ameketi na mifuko ya macho imemvimba. Alikuwa dereva wa lori, na taarifa za msiba zilimkuta barabarani. Alinyanyuka Inspekta alipopita.

"Dada, yule mzee mliyemfungia hakumuua mama. Yeye ndiye aliyekuwa akimpandishia mizigo yake."

"Najua," Inspekta alisema bila kusimama. "Tatizo ni kwamba najua peke yangu."

Jengo lilikuwa na ghorofa kumi na moja na lifti moja, na mlango wa lifti hiyo sasa ulikuwa umezungushiwa utepe wa polisi. Inspekta na Koplo wake wakapanda ngazi. Koplo, mwanamume mnene mwenye mdomo usiojua likizo, alifika ghorofa ya tano akiwa amejishika kiuno.

"Afande, nikidondoka hapa, andika kwamba nimekufa kazini."

"Nitaandika umekufa kwa kula. Gonga mlango huo."

Lifti ilikuwa imekwama kati ya ghorofa ya tano na ya sita, na mlango uliotazamana nayo ulikuwa wa mke wa kinyozi. Aliwafungulia akiwa na mtoto mgongoni, akawakaribisha jikoni kwa sababu sebule ilikuwa imejaa nguo za kupiga pasi.

"Nilianza kusikia kengele, halafu nikasikia kugonga," alisema. "Nikatoka, nikauliza, nani humo? Akaniitikia, 'Ni mimi, mama mkunga. Nimekwama, mwanangu, na dawa yangu iko juu.' Afande, huyu mgongoni na kaka yake amenizalisha yeye."

"Wakati huo mtunza jengo alikuwa wapi?"

"Uani, anafagia. Nilimwita mimi kwa mdomo wangu, pale dirishani. Alizipanda ngazi utadhani kijana. Alitaka kufungua mlango, lakini ufunguo ule kampuni waliuchukua, wakabandika tangazo kwamba atakayegusa lifti yao atashtakiwa. Akasema potelea mbali, washtaki. Akakimbilia juu kwenye mitambo, ajaribu kuishusha kwa mkono. Akashindwa, mzee wa watu. Alirudi analia."

"Kwa hiyo alipoingia chumba cha mitambo, lifti ilikuwa imeshakwama."

"Sasa angeingia kufanya nini kabla?"

Koplo aliandika, akapiga mstari chini ya alichoandika. Inspekta alikuwa anaangalia sufuria kubwa kwenye sinki, tako lake jeusi, maji ya sabuni yamejaa mpaka juu.

"Hiyo imeungua?"

"Ni siku hiyohiyo." Mke wa kinyozi akamkaza mtoto mgongoni. "Nilikuwa ndio kwanza nimebandika maharage. Makavu, sikuyaloweka. Nikawa nakaa pale mlangoni namwongelesha asilegee. Kuna wakati aliniambia, 'Mwanangu, kaangalie jikoni, maji yanakukaukia.' Yeye ndiye aliyesikia harufu. Nikamwambia yaache yaungue. Mafundi walipofika yalikuwa mkaa."

Koplo akafunga daftari lake polepole.

"Maharage makavu, dakika nane," alisema. "Hayo hata hayajaanza kuchemka."

"Nani kasema dakika nane?" Mke wa kinyozi aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Nani huyo? Mleteni hapa!"

Waliposhuka, Inspekta alimwambia Koplo awashe king'ora na aendeshe mpaka kwenye kampuni ya lifti kama anakimbiza jambazi. Yeye alishika saa mkononi. Magari yaliwapisha, trafiki akawasimamishia njia panda, na bado dakika nane ziliwaishia kabla hawajafika darajani. Karakana ilikuwa ng'ambo ya pili, mbali.

"Na hapo ni kwa king'ora," Koplo alisema.

"Na hapo mlango wa lifti bado hujaugusa."

Ofisi ya kampuni ilinukia rangi mpya. Ukutani kulikuwa na kioo kikubwa cha kompyuta kilichoonyesha timu tatu za mafundi na muda ambao kila moja inatumia kuwatoa watu waliokwama. Timu ya kwanza ilikuwa kijani, ya pili njano, ya tatu nyekundu. Chini ya ile ya kijani paliwekwa kombe linalong'aa, na kando ya kombe alisimama kiongozi wa timu hiyo, kijana wa miraba minne aliyejulikana kwa jina la Chapuchapu. Aliyekuwa akiongea ni Meneja wa huduma. Wafanyakazi walimwita Bwana Wastani, ila si mbele yake.

"Timu tatu, kipimo kimoja," Meneja alisema. "Hatumpendelei mtu. Namba zinaongea zenyewe."

"Basi ziongee na mimi," Inspekta alisema. "Hizi dakika nane zinaanza kuhesabiwa wapi?"

"Tukio linapofunguliwa."

"Linafunguliwa na nani?"

"Na mfumo."

"Mfumo una vidole?"

Chapuchapu alimtupia jicho Meneja, akalirudisha upesi kwenye kombe. Inspekta akamgeukia.

"Wewe. Siku ile ulipopigiwa simu ulikuwa wapi?"

"Hapa karakana."

"Nimetoka kwenye jengo lile sasa hivi, kwa king'ora. Mwenzangu, una mabawa?"

"Hayo ni mambo ya kiufundi," Meneja aliingilia. "Na maswali ya kiufundi tunayajibu kwa maandishi."

"Nataka kuongea na aliyepokea simu ya marehemu."

"Wapokea simu wetu wote watahojiwa mbele ya mwanasheria wetu. Wiki ijayo, nadhani."

"Wiki ijayo mzee asiye na kosa atakuwa gerezani!"

"Inspekta, mimi si mahakama." Meneja alitabasamu, akarekebisha tai. "Mimi kazi yangu ni vipimo."

Koplo alimwona bosi wake akikunja ngumi ndani ya mfuko wa koti, akamshika kiwiko na kumwongoza nje kabla hajasema neno ambalo angelazimika kulifafanua kwa Mkuu.

Timu nyekundu waliikuta imehamishiwa stoo, nyuma ya choo cha wafanyakazi. Kiongozi wake alikuwa mwanamke wa makamo mwenye grisi mpaka kwenye viwiko, akikaza nati kwenye mota iliyofunguliwa. Wenzake wa kijani walimbatiza Bi Kobe.

"Mmekuja kuniuliza kwa nini niko polepole?" alisema bila kuinua kichwa. "Kila mtu huja kuniuliza hilo."

"Nimekuja kukuuliza kwa nini wao wako haraka."

Bi Kobe akaweka spana chini.

"Funga mlango," alimwambia Koplo. Kisha akasema, "Hakuna siri, dada yangu. Ofisi nzima inajua. Mtu akikwama akabonyeza kengele, sisi tunafungua tukio palepale. Kama kuna foleni, inahesabiwa. Kama gari limeharibika, inahesabiwa. Timu ya Chapuchapu, fundi anafika kwanza. Akishasimama mbele ya mlango wa lifti ndipo anapiga simu: fungua tukio. Akimtoa mtu: funga tukio. Saa yangu inaanza kwa mtu aliyekwama. Saa yao inaanzia mlangoni."

"Meneja anajua?"

"Nilimwambia mkutanoni, mbele ya watu! Nikamwambia, unatulinganishaje na watu wanaoanza mbio wakiwa wameshafika? Akasema nina wivu. Akasema nijifunze kwa wenzangu." Alisukuma spana kando. "Halafu akatunyang'anya majengo ya upande ule, likiwemo lile. Lilikuwa letu. Kitasa cha ile lifti nilishasema kimelika, kikiachia lifti inakwama, kibadilishwe. Jengo akampa Chapuchapu kwa sababu rangi yangu ni nyekundu."

"Siku ile wewe na watu wako mlikuwa wapi?"

Bi Kobe alitazama mikono yake kwanza.

"Mtaa wa nyuma. Kwenye kiwanda cha mikate, tunatengeneza lifti ya magunia, hiyo walituachia. Unanisikia? Mtaa wa nyuma. Mimi Kobe ningefika kwa kutambaa!" Alipiga mota kwa kiganja mpaka vyuma vikalia. "Hakuna aliyeniambia. Nilisikia msiba kwa muuza mikate."

"Kwa nini hukuitwa?"

"Timu ikisaidiwa na nyingine inakatwa alama. Ila mpokea simu anaruhusiwa kumwomba Meneja. Kama aliomba, mimi sijui. Yule msichana wa zamu ya mchana, anayepokea kengele za upande ule, tangu siku hiyo anapita na macho mekundu, na akiulizwa anasema amekatazwa kuongea."

Inspekta alitembea mpaka mwisho wa stoo akarudi.

"Amekatazwa kuongea na polisi," alisema. "Amekatazwa kuongea na mtu aliyekwama?"

Bi Kobe alimtazama, akaelewa. Kisha akaanza kujifuta grisi.

Mchana ule Inspekta alimpigia Meneja simu kwa sauti ya mtu aliyechoka. Wapangaji wanalalamikia ngazi, alisema. Polisi wako tayari kuondoa utepe, ila wanataka mkubwa wa kampuni apande lifti pamoja nao athibitishe kuwa ni salama. Meneja alikuja mwenyewe, mkoba mkononi, amepoa kabisa. Hakujua kwamba Bi Kobe alikuwa juu kwenye mitambo pamoja na Koplo, kitasa kipya kimeshafungwa, mkono uko tayari kwenye swichi.

Waliingia wawili. Lifti ikapita ghorofa ya nne, ikapita ya tano, ikasimama. Taa kubwa ikazimika ikabaki ile ndogo ya dharura.

"Nini tena?" Meneja alisema.

"Umeniambia ni salama."

Inspekta akabonyeza kengele. Ikaita, ikaita tena, kisha sauti ya msichana ikatoka kwenye matundu ya spika. "Huduma ya lifti, nakusikiliza." Halafu, kabla hajajibiwa: "Mungu wangu. Ni jengo lile."

"Tuko wawili," Inspekta alisema. Alimzuia Meneja kwa mkono kifuani alipotaka kusogea. "Mwenzangu anatoka jasho, na pumzi yake siipendi."

Lilikuwa jambo la kweli. Meneja alikuwa ameshalegeza tai.

"Fundi yuko njiani, dada."

"Anatoka wapi?"

Inspekta alisogea karibu na spika.

"Anatoka wapi, mdogo wangu?"

"Karakana," sauti ilisema kwa unyonge. "Ng'ambo ya daraja."

"Na umeshalifungua tukio?"

"Mimi sifungui. Hufunguliwa wakifika."

"Hakuna timu nyingine iliyo karibu? Mwite wa karibu."

"Siwezi, dada. Lazima niombe ruhusa kwa Meneja." Msichana alianza kuongea harakaharaka, kama maji yaliyopata upenyo. "Naweza kumpigia, lakini atanikatalia tena. Siku ile ya yule mama nilimpigia mara mbili. Nilimwambia timu ya tatu iko mtaa wa nyuma, dakika chache tu, mama hawezi kupumua. Akasema nisimharibie rekodi ya mwezi. Akasema eneo ni la Chapuchapu, niache Chapuchapu amalize. Nikampigia tena, akasema nikipiga mara ya tatu nitafute kazi nyingine."

Meneja alifungua mdomo. Inspekta alimwekea kidole mbele ya uso, karibu kabisa, na macho yaliyokuwa juu ya kidole hicho yalimfanya aufunge.

"Wewe ulikuwa unaongea na mama yule?"

"Mpaka mwisho."

"Alisema nini?"

Spika ilikwaruza. Msichana alikuwa analia bila kujificha.

"Mwanzo alikuwa ananipa moyo mimi. Halafu akasema, 'Mwanangu, umeniambia yuko njiani mara nyingi. Niambie ukweli, yuko karibu au yuko mbali? Nijue pumzi niigawe vipi.' Na mimi nimepewa karatasi ya maneno ya kusema. Nikamwambia yuko njiani."

Kisha Meneja akaanza kupumua kwa nguvu.

"Huu ni mtego," alisema. "Hii haitakubalika popote."

"Kaa chini. Unamaliza hewa."

"Niliamua kiutawala! Mimi sikumgusa yule mama!"

"Ulimgusa mara mbili," Inspekta alisema. "Kwa simu. Na baada ya hapo ulituandikia sisi polisi kwamba ni mtunza jengo. Mzee amelala juu ya sakafu kwa sababu ya karatasi uliyoisaini wewe, na uliisaini huku unajua. Rekodi ya mwezi! Nikuulize, ungepata nini? Kombe jingine?"

"Kila kampuni inapima. Wewe hujui. Wakubwa wanataka kuona namba inashuka, kila mwezi inashuka. Ningefanyaje?"

"Ungesema ndiyo. Neno moja. Lina herufi ngapi?"

Akaketi chini, mkoba kifuani. Walisubiri. Muda ulipita ambao Inspekta hakuupima. Alisimama tu na mgongo wake ukutani akimtazama mtu yule akitazama mlango. Mara tatu Meneja alimwomba awaambie watu wake wawashe umeme. Mara tatu Inspekta alijifanya hakusikia. Kuna wakati Meneja aliipigia kelele spika, "Wako wapi hawa?" na msichana, ambaye sasa alikuwa ameitambua sauti ya bosi wake, alimjibu.

"Wako mbali, bosi," alisema. "Bado hawajafika darajani."

Hatimaye nyayo zikasikika nje, na vyuma vya begi la zana vikatua sakafuni. Fundi wa Chapuchapu, bila kujua nani yuko upande wa pili wa mlango, alipiga simu yake kwa sauti ya mtu aliyezoea.

"Nimefika. Fungua tukio."

Mlango ulipanuliwa kwa nondo, mwanga wa ukumbini ukaingia. Wakamvuta Meneja kwanza, kwa mikono, suti imeshika vumbi magotini. Fundi alipomtambua alirudi nyuma akagonga ukuta, simu bado iko sikioni, mdomo bado unasema, "Funga tukio." Na simu ya Meneja, iliyopata mtandao hapohapo, ikalia ndani ya mfuko. Inspekta akaichukua kabla mwenyewe hajafika.

"Tukio limefungwa," alisoma kwa sauti. "Dakika tatu. Hongera, timu ya kwanza."

Mke wa kinyozi alikuwa amesimama mlangoni kwake na mtoto mgongoni. Alimtazama Meneja toka viatu mpaka kichwa.

"Ndiye huyu wa dakika nane?" aliuliza.

"Ndiye."

Mama yule akaingia ndani na kuubamiza mlango mpaka vioo vya ngazini vikatetemeka.

Koplo alishuka kutoka juu na pingu, akimtangulia Bi Kobe. Bi Kobe hakumwangalia Meneja. Alipita moja kwa moja mpaka kwenye lifti, akainama, akaanza kukagua kitasa chake kipya jinsi walivyokifungua kwa nondo, huku akitukana chini kwa chini kwa kazi yake iliyoharibiwa.

"Kusababisha kifo kwa uzembe," Inspekta alimwambia Meneja, "na kutoa taarifa ya uongo kwa polisi. Ukifika kituoni utasomewa vizuri zaidi. Chapuchapu tutamfuata karakana. Koplo, piga simu mzee atolewe rumande. Si kesho. Sasa."

"Mkuu atauliza ushahidi."

"Mwambie upo. Mwambie nikifika nikimkuta mzee bado ndani, nitamsomea na yeye."

Waliteremka ngazi. Binti wa marehemu alikuwa chini mlangoni. Koplo alikuwa amemwita bila kumwambia bosi wake. Binti alimwacha Meneja apite na pingu zake, akamwangalia anavyoingizwa ndani ya gari, kisha akamkabili Inspekta.

"Kuna jambo nataka kukuuliza, na usinipambie," alisema. "Hao mafundi wa mtaa wa nyuma. Wangeitwa, mama angekuwa hai?"

Koplo alitazama pembeni. Palikuwa na majibu mengi laini ambayo polisi huwapa wafiwa, na Inspekta aliyajua yote.

"Ndiyo," alisema. "Angekuwa hai."

Binti alitikisa kichwa mara kadhaa, midomo imebanwa, kama mtu anayepokea mzigo mzito na kutafuta pa kuushikia.

"Kesi itakuwa ndefu?"

"Ndefu. Watakuwa na mawakili, na watakuja na namba zao."

"Lori nitaliegesha. Nitakuja kila siku."

"Njoo," Inspekta Msumari alisema. "Na ukae kiti cha mbele kabisa."